Asiye na Dini Aitwe Nani?

Safari hii tumeletwa hapa na sentensi moja fupi. Katika somo la tafsiri la mwaka wa pili tuliwapa wanafunzi aya ya Kiingereza waigeuze kuwa Kiswahili, na ndani yake mlikuwa na mtu anayesema kwamba yeye haamini kuwa Mungu yupo, tena anajiita kwa jina la msimamo wake huo. Hatukuwa tumeifikiria sana sentensi yenyewe. Tulichotaka kupima ni virejeshi. Karatasi ziliporudi tulikuta virejeshi vimekaa vizuri kabisa, lakini mtu yule alikuwa amepewa majina saba: kafiri, mpagani, mkana Mungu, mulhidi, asiyeamini, asiye na dini, na hata mtu wa dunia.

Tulipoyaandika majina hayo ubaoni, darasa likawaka moto. Wengine walitetea la kwanza, wengine la tatu. Kisha mwanafunzi mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema kwamba baba yake mdogo ni mtu wa namna hiyo, na ndiye anayemlipia ada, na katika majina yote saba hakuna hata moja ambalo angethubutu kumwita mzee huyo wakiwa wameketi mezani. Akatuuliza tumpe jina ambalo mwenyewe angeliitikia. Hatukuwa nalo. Makala haya ni matokeo ya deni lile.

Tuanze na majina yenyewe. Kafiri ni neno la Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufunika: kafiri ni aliyeufunika ukweli, na pia asiye na shukrani. Lilisafiri na wafanyabiashara na mabaharia hadi kusini mwa bara letu, na huko walowezi wakaligeuza tusi la rangi, kiasi kwamba nchini Afrika Kusini leo linaweza kumfikisha aliyelitamka mahakamani. Mpagani lina asili ya Kilatini, na kabla halijawa neno la kanisa lilimaanisha mtu wa shamba tu. Mkana Mungu ndilo linaloonekana kuwa la kitaalamu zaidi, na sisi wenyewe tumelifundisha kwa miaka mingi. Lakini tazameni kitenzi chake. Mtu hukana mtoto wake, hukana deni, hukana sahihi yake. Kila mara msikilizaji hudhani kwamba mtoto yupo, deni lipo na sahihi ni yake. Anayekana amekwisha kushindwa nusu ya kesi kabla hajafungua kinywa.

Linabaki asiye na dini, ambalo juujuu halina ubaya wowote. Hata hivyo, tukisema mtaani kwamba fulani hana dini, kwa kawaida hatutoi habari za imani yake. Tunasema hana huruma, kamdhulumu yatima, kamfukuza mjane. Anaweza kuwa mtu wa kwanza kufika msikitini au kanisani na bado akaambiwa hana dini. Ajabu ni kwamba maneno hayohayo yakihamishiwa kwa nchi hugeuka kuwa sifa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 3, inaitaja nchi hiyo kuwa isiyo na dini, na wananchi wake, Waislamu kwa Wakristo, huitaja sifa hiyo kwa fahari, kama sababu mojawapo ya amani yao. Basi nchi isiyo na dini ni nchi njema, na mtu asiye na dini ni mtu mbaya. Lugha imefikaje hapo?

Haikuanza na Kiswahili. Neno la Kigiriki lililozaa lile la Kiingereza, atheos, yaani asiye na mungu, kwa karne nyingi watu walitupiana kama jiwe. Warumi waliwaita hivyo Wakristo wa mwanzo, kwa kuwa walikataa kuiheshimu miungu ya dola. Polycarp, askofu mzee wa Smyrna aliyeuawa katikati ya karne ya pili, alitakiwa uwanjani alaani wasio na mungu, yaani Wakristo wenzake. Masimulizi ya kifo chake yanasema aliwanyoshea mkono umati wa Warumi na kuwalaani wao kwa neno hilohilo. Kila upande ulimwona mwenzake ndiye asiye na mungu. Mtu wa kujiita hivyo mwenyewe, kwa hiari yake na mbele ya watu, alichelewa sana kutokea. Na alipotokea alilipa gharama.

Tutasimulia habari za Uingereza ya karne ya 19, kwa sababu mbili. Huko ndiko watu wa namna hii walipokaa chini na kujitafutia jina. Tena sheria walizopigania zilivuka bahari zikatufikia sisi huku Afrika Mashariki, kama tutakavyoona.

George Jacob Holyoake alizaliwa Birmingham mwaka 1817. Akiwa bado mtoto alianza kazi pamoja na baba yake katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, na masomo yake ya baadaye aliyapata jioni, baada ya kazi, katika madarasa ya mafundi. Alijiunga na wafuasi wa Robert Owen, waliohubiri ushirika na maisha ya pamoja, akawa mhadhiri wao. Mwezi Mei 1842 alikuwa njiani kwenda Bristol kumwona rafiki yake Charles Southwell, mhariri wa gazeti, aliyefungwa mwaka mmoja kwa kosa la kukufuru. Alipita Cheltenham, akatoa mhadhara juu ya makazi ya ushirika kwa maskini. Mhadhara wenyewe haukuwa na neno juu ya dini. Baada ya kumaliza, mtu mmoja akasimama na kumuuliza: umetueleza wajibu wetu kwa binadamu, mbona hukusema wajibu wetu kwa Mungu?

Holyoake angeweza kulikwepa swali. Alijibu kwamba watu wa nchi ile walikuwa maskini mno kumudu gharama za dini, na kwamba kama angekuwa na uwezo angemweka Mungu kwenye nusu mshahara, kama serikali ilivyowafanyia maofisa wadogo wa jeshi. Ulikuwa utani, na tukubali kwamba ulikuwa mkali. Gazeti la mji likapiga kelele, akakamatwa. Mwezi Agosti alifikishwa mbele ya jaji mjini Gloucester, akajitetea mwenyewe kwa zaidi ya saa tisa, akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Akiwa gerezani, binti yake mdogo, Madeline, alifariki dunia. Holyoake alikuwa na umri wa miaka 25.

Tunalikazia jambo hili kwa sababu wanafunzi wetu hupenda kudhani kwamba wasioamini wa Ulaya ni watoto wa starehe, watu walioshiba wakasahau kuomba. Holyoake na wenzake wengi walikuwa mafundi, wafumaji, washona viatu na wauza magazeti. Mtu wa tabaka la juu aliyekuwa na mashaka yake aliyasema sebuleni kwake baada ya chakula na hakuna aliyemgusa. Aliyefungwa ni yule aliyeyasema mbele ya wafanyakazi.

Kufungwa hakukuwa mwisho wa adhabu. Mahakama za Uingereza zilimtaka shahidi aape kwa Mungu, na asiyemwamini Mungu hakuweza kuapa, hivyo ushahidi wake haukupokewa. Mwaka 1857 Holyoake na mwenzake Edward Truelove, kila mmoja kwa wakati wake, waliitwa katika mahakama kuu ya jinai ya London kukaa katika juri, yaani kundi la raia wanaoamua kesi pamoja na jaji. Wote wawili walieleza kwa uaminifu kwamba hawakuwa na imani ya dini, wakafukuzwa. Mwaka huohuo mgeni mmoja aliyeibiwa mali alinyimwa haki ya kumshtaki mwizi kwa sababu hiyohiyo. John Stuart Mill aliyaandika mambo haya mwaka 1859 katika kitabu chake juu ya uhuru, akaonyesha upofu wa sheria hiyo. Asiyeamini ambaye ni mwongo ataapa bila wasiwasi na atapokewa. Anayekataliwa ni yule tu asiyetaka kusema uongo. Sheria ilidai kuwachuja waongo, ikawa inawachuja wakweli.

Sasa turudi kwenye jina. Majirani walimwita Holyoake kwa neno la Kiingereza lenye maana ya asiye mwaminifu kwa imani, neno walilowapachika pia Waislamu tangu enzi za vita vya msalaba. Ni ndugu wa damu wa kafiri, na inachekesha kidogo kwamba kila upande ulikuwa na lake la kumrushia mwenzake. Jina la atheist nalo hakulipenda. Sababu aliyoitoa itawashangaza wasomaji wa Kiswahili. Alisema kwamba watu wakilisikia huelewa mambo mawili kwa pamoja: mtu asiye na Mungu na mtu asiye na maadili. Yaani walilisikia kama sisi tunavyosikia hana dini.

Basi mwaka 1851, katika gazeti lake la The Reasoner, alitoa neno jipya, secularism. Alilichuma katika Kilatini, kwenye neno lenye maana ya zama na, baadaye, ya dunia hii. Alitaka jina linalotaja kile ambacho mtu anakishika, badala ya kile anachokikataa: wajibu wa kutenda mema katika maisha haya, kwa sababu zinazotokana na maisha haya, zinazoweza kupimwa na akili ya kila mtu. Hakusema kwamba hakuna maisha mengine. Alisema kwamba mema ya hapa ni mema ya kweli, na kuyatafuta ni jambo jema. Kwa hiyo hata mwumini angeweza kushirikiana naye. Kazi yake kubwa ya baadaye ilikuwa katika vyama vya ushirika. Historia aliyoiandika mwaka 1858 ya wale wafumaji na mafundi wa Rochdale waliofungua duka lao mwaka 1844 ilieneza habari zao mbali, na yeyote aliyesoma somo la ushirika katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki amekutana na Rochdale. Wachache wameambiwa kwamba aliyewatangaza alikuwa mfungwa wa Gloucester.

Neno hilo kulitafsiri kwa Kiswahili ni mtihani. Tukisema -a kidunia, tumeharibu, kwani dunia kwetu imepewa akhera kuwa mwenzake, na penye akhera dunia ni kitu cha kupita, cha anasa na cha hadaa. Muziki wa kidunia ni ule ambao mwanakwaya aliyeokoka ameuacha. Majirani zetu wa Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wameliandika wazo hilo katika katiba zao kwa kufuata neno la Kifaransa, laïc, lenye asili ya Kigiriki kwa maana ya watu wa kawaida. Ni njia nyingine, ila nayo haimsaidii mwanafunzi wetu na baba yake mdogo.

Jina peke yake halitoshi. Mtu akiacha kanisa katika mji mdogo anaacha pia kwaya, shule ya Jumapili ya watoto, chama cha kusaidiana na watu wa kumzika. Wafuasi wa Holyoake walilijua hilo mapema. Mjini Leicester walikuwa na chama tangu mwaka 1851, lakini walipotaka ukumbi wa hadhara ili Holyoake ahutubie, walinyimwa. Wakaamua kujenga wao wenyewe. Josiah Gimson, mwenye kiwanda cha mashine, aliongoza kampuni ya kuuza hisa, na ukumbi ukafunguliwa tarehe 6 Machi 1881 katika mtaa wa Humberstone Gate, ambako umesimama hadi leo. Mbele yake waliweka sanamu tano za vichwa: Socrates, Voltaire, Thomas Paine, Robert Owen na Yesu. Kuwekwa kwa Yesu kuliwaudhi watu wa pande zote mbili. Waumini waliona ni dharau kumweka kati ya wapinzani wa dini, na baadhi ya wasioamini wakauliza anatafuta nini pale. Waliomweka walimwona kuwa mwalimu mmojawapo wa binadamu.

Ndani ya kumbi za namna hiyo mlikuwa na mihadhara ya Jumapili, maktaba, muziki, ngoma za vijana na madarasa ya watoto. Austin Holyoake, mdogo wake George, alitunga maneno ya kusomwa kaburini, kwa sababu waliokufa walikuwa wakizikwa kwa ibada walizozikataa maisha yao yote, au bila neno lolote. Tunaona hapa ndipo ilipo siri ya jamii yoyote. Hoja za falsafa mtu anaweza kuzisoma peke yake usiku kwa taa. Kuzikwa hawezi peke yake.

Hawakuwa kitu kimoja. Charles Bradlaugh, aliyezaliwa London mwaka 1833, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Akiwa kijana anayefundisha shule ya Jumapili alimwandikia kasisi wake kuuliza juu ya mambo yasiyolingana katika Injili. Kasisi akamwona mpotovu, na mambo yakaishia kwa yeye kuondoka nyumbani kwa wazazi wake akiwa na miaka kama 16. Aliyempa mahali pa kulala ni Elizabeth Sharples, mjane wa harakati za wapinga dini. Baadaye aliingia jeshini, kisha akafanya kazi ya karani wa wakili, na mwaka 1866 akaanzisha chama cha kitaifa kilichowaunganisha wafuasi wa miji mbalimbali. Yeye aliliona jina la Holyoake kuwa ni kujificha nyuma ya pazia. Mwaka 1870 walijadiliana hadharani kwa usiku mbili juu ya jambo hilo. Bradlaugh alisema jina la atheist ni la heshima na yeye atalibeba. Hata hivyo alikuwa mwangalifu wa maneno kuliko wengi wanavyodhani. Alieleza kwamba yeye hasemi hakuna Mungu. Anasema kwamba neno Mungu, kama linavyotumiwa, halimletei akilini maana yoyote iliyo wazi, na mtu hawezi kukana kitu asichokielewa. Walimu wa isimu wanaweza kulitumia hilo darasani.

Mwaka 1880 wananchi wa Northampton walimchagua kuwa mbunge. Aliomba athibitishe kwa ahadi badala ya kuapa. Akakataliwa. Akasema basi ataapa, na kiapo kitamfunga sawasawa na ahadi. Akakataliwa tena, safari hii kwa hoja kwamba kiapo cha asiyeamini hakina maana. Mwezi Juni alilazwa usiku mmoja katika chumba cha mnara wa saa wa Bunge. Agosti 1881 aliburutwa nje na askari hadi nguo zake zikararuka. Kiti kilipotangazwa wazi, Northampton ilimrudisha, mwaka 1881, tena 1882, tena 1884, na tena katika uchaguzi mkuu wa 1885. Muswada wa kuruhusu uthibitisho ulishindwa mwaka 1883 kwa kura 3. Mwishowe, Januari 1886, Spika mpya alikataa kusikiliza pingamizi lolote, Bradlaugh akaapa na kuketi. Miaka miwili baadaye alifanikiwa kupitisha sheria ya mwaka 1888 inayompa kila mtu haki ya kuthibitisha badala ya kuapa, bungeni na mahakamani.

Alifariki dunia tarehe 30 Januari 1891. Kwa kuwa alikuwa ameitetea India bungeni, Wahindi wengi waliokuwa London walihudhuria maziko yake, akiwamo mwanafunzi mmoja wa sheria aliyeitwa Mohandas Gandhi, mtu wa dini hadi mwisho wa uhai wake. Kwa upande mwingine Annie Besant, msemaji hodari kuliko wote wa chama cha Bradlaugh, alikuwa amekwisha kuhamia mwaka 1889 kwenye imani ya Theosofia. Majina haya hayakuwa pingu.

Tusimsahau Thomas Huxley, mwanasayansi, ambaye mwaka 1869 alijitungia jina lake mwenyewe, agnostic, kwa mtu anayesema hajui na hadai kujua. Alieleza baadaye, kwa mzaha, kwamba katika klabu ya wasomi aliyojiunga nayo kila mtu alikuwa na lebo yake, naye akajiona kama yule mbweha wa hadithi aliyekatwa mkia akawa hana cha kuwaonyesha wenzake. Mjukuu wake, Julian Huxley, alitembelea Afrika Mashariki mwaka 1929 kuchunguza ufundishaji wa biolojia, na mwaka 1952 aliongoza mkutano wa Amsterdam ulioanzisha umoja wa kimataifa wa wanaojiita humanists, yaani watu wa utu. Kwa Kiswahili wapo wanaoita falsafa hiyo ubinadamu. Tunawakumbusha tu kwamba binadamu ni mwana wa Adamu, hivyo aliyeikimbia Biblia na Kurani tumemrudisha Edeni kwa mlango wa nyuma.

Yanatuhusu nini sisi? Kwanza, kiapo. Uganda, Kenya na Tanzania zilirithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, na kwa njia hiyo zilirithi uhuru ule wa mwaka 1888. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza dini ya taifa katika Ibara ya 7, na katika jedwali la viapo inampa anayeapishwa nafasi ya kuapa kwa jina la Mungu au kuthibitisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafanya vivyo hivyo. Wakati huohuo kaulimbiu ya taifa la Uganda inamtaja Mungu kabla ya nchi, na wimbo wa taifa unamtaja katika maneno yake ya mwanzo. Alama ya mkwaju ile katika maandishi ya kiapo, kati ya kuapa na kuthibitisha, ndiyo kaburi la kweli la Bradlaugh, na wengi wetu tumeishika karatasi hiyo bila kujua.

Pili, hoja kwamba Mwafrika hawezi kuwa mtu wa namna hii. John Mbiti, akifundisha Makerere, aliandika mwaka 1969 kwamba Waafrika wamezama katika dini katika kila jambo la maisha yao. Kitabu chake kimesomwa kote, nasi tumekifundisha. Lakini mwenzake wa Uganda, Okot p'Bitek, mwana wa Acholi, alimpinga vikali. Aliwashutumu wasomi wa namna ya Mbiti kwa kuivisha miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa Wakristo. Kisa alichokitoa ni cha lugha, na kila mwalimu wa tafsiri anapaswa kukijua. Wamisionari wa Kitaliano mwaka 1911 waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, basi swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakasema watu huzaliwa na mama zao. Walipozidi kubanwa, mmoja wao akakumbuka kwamba mtu akipatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo ukapinda, husemwa kuwa amefinyangwa na Rubanga. Wamisionari wakaandika kwamba Rubanga ndiye Muumba. Hatudai kwamba wazee wale walikuwa wafuasi wa Holyoake. Tunasema kwamba waliulizwa swali lisilokuwa lao, na jibu lao likafanywa imani yao.

Tatu, watu wenyewe wapo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 chini ya kichwa kimoja kilichounganisha wasio na dini na wasioamini kuwa Mungu yupo, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 47. Kisanduku kimoja kwa watu wa namna mbili tofauti: fomu nayo haikuwa na maneno ya kutosha. Chama cha wasioamini nchini humo kilisajiliwa Februari 2016 na kusimamishwa baada ya miezi michache, malalamiko yakiwa ni amani na utulivu wa umma, ingawa kiliendelea kuwapo. Hapa Uganda zipo shule za watu wa utu, kama Isaac Newton karibu na Masaka na Mustard Seed huko Busota, Kamuli, zinazopokea watoto wa dini zote na wasio na dini. Jina la hiyo ya pili, punje ya haradali, limetoka moja kwa moja katika Injili. Pengine ni sanamu ya Yesu ya Leicester imepata ndugu yake Busoga.

Tulirudi darasani wiki iliyofuata na haya yote, tukawaomba wanafunzi wajaribu tena. Kafiri na mpagani yaliondolewa bila ubishi, kwa sababu ni majina anayotoa mtu wa ndani kwa mtu wa nje, na mtafsiri hatakiwi kuongeza hukumu ambayo haimo katika matini. Mulhidi lilibaki kwa maandishi ya Kiislamu, ambako lina mazoea yake. Wengi walichagua asiyeamini Mungu, kwa kuwa kitenzi amini hakimshtaki mtu. Kundi dogo lilishikilia mtu wa utu, na likaulizwa kama sisi wengine basi ni watu wa nini. Mwalimu mmoja wetu bado anatetea asiye na dini, akisema kwamba neno halisafishwi kwa kuachwa, husafishwa kwa kutumiwa, kama Katiba ya Tanzania ilivyofanya.

Yule mwanafunzi alikwenda nyumbani likizo, akamuuliza baba yake mdogo mwenyewe. Alituletea jibu muhula ulipofunguliwa: mzee alicheka, akasema kwamba kijijini wamemzoea kwa jina la Mwalimu, na kwamba kama idara ikipata jingine zuri aletewe alisikie. Wasomaji wenye pendekezo, hasa kutoka Bujumbura, Goma na pwani, ambako huenda mna maneno ambayo sisi wa huku hatujayasikia, watuandikie kabla ya toleo lijalo.